Kumteka mtu akiwa usingizini, ni ushindi huo?

Haya msomaji wangu, wiki hii tuziache kidogo habari za mawifi na wakwe, twende vitani. Usiogope, vita yenyewe ni ya kwenye kompyuta na simu. Ila kuna nyumba watu hawasemeshani kwa sababu yake.

Mpwa wangu anacheza Tribal Wars, mchezo wa Wajerumani ulioanza mwaka 2003. Unapewa kijiji kimoja cha enzi za wafalme wa Ulaya, unajenga ukuta, unaandaa askari, halafu unaanza kuwatamani majirani. Na majirani hao ni watu kweli, kila mmoja na kazi yake na mkewe. Ukizima simu ukalala, wenzako wanaendelea.

Sasa, kijiji cha mtu hakichukuliwi kwa kuua askari wake tu. Lazima umpeleke mwinyi. Kila kijiji kina utii wa pointi 100, na kila mwinyi ambaye jeshi lake limeshinda anapunguza kati ya 20 na 35. Utii ukiisha, kijiji chako. Ukimtuma mmoja leo na mwingine keshokutwa ni kazi bure, maana katika seva za mwendo wa kawaida utii unapanda pointi moja kila saa. Ndiyo maana wajanja wanatuma wanne kwa mkupuo, wakifuatana chini ya sekunde moja, mwenye mali asipate upenyo wa kuchomeka msaada katikati.

Na wanapangiwa wafike saa ngapi? Saa tisa usiku, bwana! Mpwa wangu anatega kengele, anaamka, anabonyeza, anarudi kulala. Mama yake ambaye ni dada yangu analalamika kijana anasinzia mchana kutwa. Nilipomuuliza kama haoni aibu kumwibia mtu anayekoroma, akanijibu, "Mjomba, vita haina saa."

Ana hoja, sikatai. Waliotengeneza mchezo hawakumtupa mlinzi hivi hivi. Mwinyi anatembea kama bibi harusi, dakika 35 kwa kila kiwanja. Kijiji kilicho viwanja 20 kutoka kwako ni safari ya saa 11 na dakika 40, na anayevamiwa anaona kabisa kwamba kuna jeshi njiani. Baadhi ya seva pia zinaongezea walinzi nguvu usiku. Tena mwinyi aliyeteka anapotea, na bei ya kupata wengine inapanda kadiri vijiji vyako vinavyoongezeka. Hilo nimelipenda kuliko yote. Bila bei kupanda, wa kwanza kuteka viwili angeteka vinne, kisha vinane, na wengine wote wangebaki watazamaji.

Kuna na kitu wanakiita morali. Jitu lenye vijiji lukuki likimvamia mnyonge, jeshi lake linaweza kupigana kwa asilimia 30 tu ya nguvu zake. Huruma nzuri, lakini nayo ina wenyewe! Wapo wanaobaki wadogo makusudi, wanachokoza wakubwa wakijua kipigo kitakuwa nusu.

Kampuni hiyo hiyo, InnoGames ya Hamburg, mwaka 2009 ilitoa Grepolis, wa Ugiriki ya kale. Humo katika seva za mtindo wa kuteka, meli ya walowezi ikifika mji haubadiliki mkono papo hapo. Mzingiro unaanza na unadumu saa kadhaa, na aliyevamia sasa ndiye anayelinda. Marafiki wa mwenye mji wakifika wakawachakaza askari wa mzingiro, meli imezama na mji umepona.

Mimi kura yangu naipeleka huko. Mpwa anadai huo ni mchezo wa wazee, kwamba mzingiro mrefu unawapendelea wenye kundi kubwa na mpweke hana wa kumpigia simu. Kweli, mpweke ataumia. Lakini mpweke wa Tribal Wars naye anaumia, tofauti yake ni kwamba anapata habari wakati anapiga mswaki. Mtu amejenga miezi mitatu, ukimnyang'anya kwa sekunde moja hatarudi kulipiza kisasi. Anafuta mchezo, anaenda kuangalia mpira, nawe unabaki na vijiji vyako huna wa kupigana naye.