Usugu wa Vijidudu na Wajibu Wetu

Katika mwaka wa 1928, mjini London, Alexander Fleming aliona ukungu ukiwaua bakteria katika kisahani cha maabara. Na mwaka huo huo Frederick Griffith alitangaza kwamba bakteria wa kichomi wasio na madhara, walipodungwa katika panya pamoja na mizoga ya wenzao wakali waliouawa kwa joto, waligeuka wakawa wakali nao. La kwanza lilituzalia penisilini. La pili lilitufunulia kuwa vijidudu hurithishana tabia hata pasipo kuzaana, kazi ambayo Oswald Avery na wenziwe waliibainisha mwaka 1944 kuwa ni ya DNA.

Kwa njia za namna hiyo usugu wa dawa huhama baina ya bakteria, nasi twausaidia kila tumezapo antibiotiki kwa mafua, ambayo ni maradhi ya virusi, au tununuapo vidonge viwili vitatu bila ya cheti cha daktari. Fleming mwenyewe, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945, aliutahadharisha ulimwengu kwamba kipimo pungufu huwafunza vijidudu ustahimilivu.

Basi rai yangu ni kwamba serikali zetu zisidhani fedha za maabara ni israfu, kwani hospitali isiyoweza kuwaotesha vijidudu na kuwajaribia dawa humlazimisha tabibu kubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakouneemesha usugu. Nasi raia tusizitumie dawa hizi ila kwa amri ya tabibu, na kwa kadiri aliyoiamuru.