Mastaa hupita, Tabora hubaki: Nani analipa hongo ya njia ya misafara?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MWISHONI mwa Desemba 2019 mwanamuziki Nasibu Abdul, maarufu kama Diamond Platnumz, alifanya jambo ambalo mastaa wa ngazi yake hawajazoea kulifanya. Badala ya kupanda ndege, alipanda treni jijini Dar es Salaam na kusafiri kwa reli ya kati hadi Kigoma, kwenye onyesho la kuadhimisha miaka 10 ya kazi yake ya muziki, lililofanyika katika Uwanja wa Lake Tanganyika.

Watu walifurika kwenye stesheni za njiani kumlaki. Kwa miji ambayo habari zake huonekana magazetini pale tu treni inapoacha njia au mvua inapokata barabara, hilo halikuwa tukio dogo. Msanii waliyemzoea kwenye televisheni na simu alikuwa amesimama mbele yao, kwenye behewa la treni ile ile inayobeba ndugu zao, magunia yao ya mchele na madumu yao ya mawese.

Kisha treni ikaondoka.

Safari ile haikuwa ya kwanza ya aina yake. Reli ya kati, kwa sehemu kubwa, inafuata uelekeo wa njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, huku Tabora ikiwa kituo chake kikuu cha bara. Watu maarufu wamekuwa wakipita njia hii kwa zaidi ya miaka 160. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: Je, wanapopita, mji unabaki na nini?

Wageni wa Kazeh

Wakati Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 1857, hawakukuta pori. Walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, katika nchi ya Unyanyembe iliyokuwa na watemi wake, mashamba yake na soko lake. Mwenyeji wao, Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman, aliwapa makazi na, muhimu zaidi, aliwapa habari. Ni kutoka kwa watu kama yeye ndipo wageni hao waliposikia juu ya ziwa kubwa la kaskazini. Speke alikwenda kuliona mwaka 1858, akalipa jina la malkia wake na kurudi kwao akiwa mtu mashuhuri. Snay bin Amir hajulikani leo hata kwa wanafunzi wengi wa Tabora.

Miaka 13 baadaye akaja Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Alifika Unyanyembe Juni 1871 akimtafuta Dk. David Livingstone, akakuta vita kati ya Waarabu na Mtemi Mirambo wa Urambo. Stanley alijiunga na upande wa Waarabu, wakashindwa, naye akalazimika kuzunguka kwa njia ya kusini ili afike Ujiji.

Mkutano wa wawili hao pale Ujiji, mwishoni mwa mwaka 1871, pengine ndio mkutano maarufu kuliko yote iliyowahi kufanyika katika ardhi ya Tanzania. Salamu ambayo Stanley alidai kuitoa imegeuka kuwa msemo duniani. Lakini kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, mtu wa kwanza kutoka kumpokea alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye alikimbia kwenda kumpasha habari bwana wake.

Februari 1872 wawili hao waliwasili pamoja Kwihara, kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Tabora. Stanley aliondoka Machi 14. Livingstone alibaki akisubiri wapagazi kutoka pwani hadi Agosti 25, zaidi ya miezi mitano. Mwaka uliofuata alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao wakapita tena hapa wakiwa wamebeba mwili wake. Luteni Verney Lovett Cameron, waliyemkuta Unyanyembe, aliwashauri wauzike papa hapa. Walikataa, wakaendelea na safari hadi pwani.

Hongo na posho

Simulizi hizo kwa kawaida huishia kwa wageni. Ukizitazama kutoka upande wa wenyeji, picha inabadilika.

Msafara ulikuwa uchumi unaotembea. Mamia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walihitaji posho ya chakula kila siku. Walihitaji mahali pa kupumzika, mganga wa kutibu vidonda vya miguu, na soko la kubadilishia vitambaa na shanga. Tabora ilikua kwa sababu hapo misafara ilisimama, ikapanga upya mizigo na kuajiri watu. Njia pia iligawanyika hapo: moja ikaelekea Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Aidha, aliyepita katika nchi ya mtu alilipa. Katika Ugogo na Uha misafara ilitozwa hongo, neno ambalo leo maana yake ni rushwa, lakini wakati huo lilikuwa ada ya njia iliyojulikana na kujadiliwa hadharani. Stanley alilalamika sana juu yake. Hata hivyo, kwa watawala wa njiani lilikuwa jambo la haki: ukinywa maji ya visima vyetu, utaacha kitu.

Tabora yenyewe ilipata somo chungu juu ya jambo hilo. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alipotaka kutoza ushuru wa bidhaa za wafanyabiashara, alijikuta katika mgogoro nao, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 wakamng'oa na kumuunga mkono Mkasiwa. Mirambo naye aliwapiga vita kwa sababu zilezile za nani atawale njia na nani afaidi biashara yake.

Haifai kuipamba historia hii. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu na pia binadamu waliouzwa kama bidhaa. Ndiyo maana mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha ya awali ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza UNESCO kuwa Urithi wa Dunia, Kwihara ikiwa mojawapo. Lakini hata ndani ya ubaya huo, wenyeji walijua thamani ya mahali walipo. Mgeni mashuhuri hakupita bure.

Reli, shule na siasa

Reli iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upagazi wa masafa marefu ukafa. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, na mgeni hakuwa tena na haja ya kukaa miezi mitano akisubiri wabebaji. Miaka ya 1920 ilipoongezwa reli ya kwenda Mwanza, Tabora ikawa tena njia panda, safari hii ya chuma.

Lakini mji huu ulipata kitu kingine kilichozidi stesheni: shule. Katika Shule ya Tabora alisoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1937. Alirudi mwaka 1946 kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Rashidi Kawawa na Chifu Abdallah Fundikira nao walipita Shule ya Tabora. Na ni hapa, Januari 1958, ambapo TANU ilifanya mkutano mkuu ulioamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, uamuzi uliofungua njia ya Uhuru wa mwaka 1961.

Waliokutana na mwalimu huyo kijana njiani akienda darasani hawakujua kwamba wanakutana na mtu maarufu. Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Livingstone alifika Tabora akiwa tayari na jina; Nyerere alilijenga jina lake akitokea hapa. Mgeni wa kwanza aliuachia mji nyumba ya kumbukumbu, wa pili aliuachia nafasi katika historia ya taifa.

Mastaa waliokuwa majirani

Hali ilikuwa hivyo hata katika muziki. Katika miaka ya 1960 na 1970 Tabora haikusubiri wanamuziki kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa na bendi zake: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz aliyoimbia Shem Karenga, na Nyanyembe Jazz. Nyimbo zao zilisikika nchi nzima, huku wapigaji wakiishi mitaa ileile na wasikilizaji wao. Kumwona staa hakukuhitaji tiketi. Alikuwa jirani, alinunua mkaa palepale na alihudhuria misiba ileile.

Bendi hizo zilififia kwa sababu nyingi. Vyombo vilikuwa ghali na vigumu kupatikana, studio zilikuwa Dar es Salaam, na wanamuziki wakafuata maslahi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu redio binafsi, muziki mpya wa vijana ulipata sauti kubwa, lakini sauti hiyo ilitokea jiji moja. Kuanzia hapo mikoa ikawa mahali pa ziara. Msanii huja, hupanda jukwaani usiku mmoja, na asubuhi yuko njiani kwenda mkoa unaofuata.

Ni kweli kwamba usiku huo mmoja una faida. Nyumba za kulala wageni hujaa, waendesha bodaboda hupata abiria hadi alfajiri, wauza chipsi na mishikaki humaliza mzigo. Lakini ni faida ya siku moja. Kiingilio, mapato ya matangazo na haki za picha huondoka na gari lililoleta spika.

Simu nayo imebadilisha maana ya kukutana na staa. Zamani habari za mgeni mashuhuri zilitangulia kwa mdomo, kama zilivyomfikia Stanley habari za mzee Mzungu aliyeko Ujiji kupitia watu wa msafara waliokutana naye njiani. Leo kijana wa Nzega au Sikonge huona kwenye kioo cha simu alichokula msanii wake asubuhi. Akimwona ana kwa ana, hamuulizi kitu. Anageuka, anajipiga naye picha, na picha hiyo ndiyo ushahidi kwamba naye amepita karibu na dunia kubwa. Hakuna ubaya katika hilo. Ila ni vyema kujua kwamba wanaouza macho ya vijana hao kwa watangazaji hawako Tabora.

Mpira umeonyesha njia

Kwa kiasi fulani soka imevunja utaratibu huo. Tabora iliwahi kuwa na Milambo katika ligi ya juu, na baadaye Rhino Rangers iliyocheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kushuka. Mwaka 2023 ikapanda Tabora United, na Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ukaanza tena kupokea Simba na Yanga.

Novemba 2024 timu hiyo iliifunga Yanga mabao 3-1 jijini Dar es Salaam. Kwa siku kadhaa mji uliozoea kuwapigia makofi mastaa wa kuja ulikuwa na wa kwake. Mwaka 2025 timu ikabadilishwa jina na kuitwa TRA United. Wenye timu wana haki ya kuipa jina wanalotaka, na fedha za uhakika ni jambo jema kwa klabu yoyote. Hata hivyo, mji ambao jina lake limefutwa kwenye jezi una haki ya kujiuliza imebaki na nini.

Reli mpya, njia panda ileile

Swali hilo lina uzito zaidi sasa. Treni ya kisasa ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Mikataba ya vipande vya Makutupora hadi Tabora, chenye kilomita 368, Tabora hadi Isaka, kilomita 165, na Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ilisainiwa mwaka 2021 na 2022. Kwa mara ya tatu, baada ya msafara na reli ya Mjerumani, njia inagawanyika Tabora.

Matumaini ni makubwa, na yana msingi. Lakini treni ya kasi ina tabia moja ambayo msafara haukuwa nayo: haihitaji kusimama muda mrefu. Abiria anaweza kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma bila kununua hata chupa ya asali ya Tabora. Ukubwa wa mji, wenye wakazi zaidi ya 300,000 katika manispaa, hautamshusha abiria kwenye behewa.

Kitakachomshusha ni sababu ya kushuka. Tembe ya Kwihara, iliyojengwa upya na kuwa makumbusho, inaweza kuwa sababu mojawapo, endapo itasimulia habari za wapagazi, watumwa, Snay bin Amir, Mkasiwa na Mirambo kwa uzito uleule wa Livingstone. Shule alikosoma Nyerere na alikofundisha ni sababu nyingine. Miembe ya kale, asali ya miombo, na muziki wa bendi ambazo watu wazima wa nchi hii bado wanaukumbuka, vyote vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuvifunga pamoja na kuviwekea bei.

Halmashauri nazo zina la kufanya. Anayekodi uwanja wa umma kwa onyesho anaweza kutakiwa kuwapandisha jukwaani wasanii wa mji na kuwapa kazi mafundi wa hapa. Hiyo haitakuwa rushwa. Itakuwa hongo katika maana yake ya kale: ada ya kupita kwenye nchi ya watu, inayotajwa hadharani na kupokelewa kwa niaba ya wote.

Watemi wa njiani hawakumchukia mgeni. Walimpa maji, wakamtazama kwa udadisi, wakasikiliza habari zake. Kisha wakamdai. Wajukuu wao wamebaki na udadisi na ukarimu. Kudai ndiko walikokusahau.