Katuni Ikiisha, Zungumza na Mtoto

Mtoto wa Mtendeni, Tabora, akimaliza katuni ya Avatar: The Last Airbender anaweza kununa, hata kulia. Mzazi, usimcheke, anaagana na marafiki. Muulize kwa nini Aang, mvulana wa miaka 12, alikataa kumuua Ozai, akamnyang'anya nguvu za moto tu. Utajua anavyowaza kuhusu hasira na kisasi.

Ila sehemu nne za mwisho, zilizorushwa Julai 2008, huchukua saa moja na nusu hivi. Zisiliwe usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 3 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na alale saa 10 hadi 13. Mdogo wake asikeshe naye.