Nyumba na Jamaa: Mbwa wa Kijana Aendaye Ng'ambo

Tumepokea barua ya mama mmoja wa Nyakato. Wasomaji wa Mwanza wasidhani ni Nyakato yao, wala wa Bukoba wasidhani ni ile ya kwao, maana mama huyu ni mkazi wa Nyakato ya Musoma. Kijana wake amepata nafasi ya kusoma Ujerumani kwa miaka minne, nasi twampa mkono wa heri. Lakini nyumbani pana mbwa, jina lake Simba, ambaye kijana alimlea tangu akiwa mdogo asiyefungua macho, na ambaye usiku hulinda zizi la mbuzi wa bibi. Kijana asema hatamwacha, na kwamba wapo watu wanaopanda ndege na mbwa wao. Baba asema mbwa si kitu cha kugombaniwa na Waislamu, kijana akiondoka naye mbwa apakiwe garini akaachwe stendi ya Bweri. Bibi hasemi neno, ila amekataa kula siku mbili. Mama atuuliza: nani ana haki?

Twaona kwamba maneno ya baba yametoka katika hofu ya najisi, na hofu hiyo ina asili yake. Sisi watu wa Afrika Mashariki wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafii, ambaye kwake mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Imam Malik aliona vingine: kwake mbwa aliye hai ni tohara, na kuosha chombo ni ibada tuliyoamrishwa. Hatuandiki haya ili mtu abadili madhehebu kwa ajili ya mbwa mmoja. Twataka ajue tu kwamba najisi ni jambo la kuoshwa kwa maji, wala si hukumu ya kumchukia kiumbe. Nguruwe wa porini naye ni najisi, na hatujaamrishwa kumtesa.

Kufuga mbwa bila haja kumekatazwa katika Hadithi mashuhuri, ambayo yasema thawabu za mfugaji hupungua kila siku, akatolewa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Simba wa Nyakato yumo waziwazi katika hao walioruhusiwa, kwa kuwa analinda mbuzi. Na katika Mkoa wa Mara, ambako fisi hana aibu, zizi lisilo na mbwa ni karamu. Qurani yenyewe katika Suratul Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na katika Suratul Kahf mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao, amelala mlangoni mwao kama mlinzi. Msomaji atakumbuka pia Hadithi ya aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Hizi mbili zikisomwa pamoja, shauri la stendi ya Bweri halina pa kusimama.

Tena lina hatari ambayo baba huyo hakuifikiri. Mbwa aliyetupwa hazururi peke yake. Hula jaani, hupigana na wenzake, na chanjo yake ikiisha hakuna wa kumpeleka tena. Hivyo ndivyo kichaa cha mbwa kinavyoishi katika miji yetu. Ugonjwa huu wakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni watoto. Dalili zikishamtokea mgonjwa, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili dawa ipo: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mgonjwa akimbizwe hospitali siku ileile kupata chanjo. Hapa twasema kwa mkazo, maana tumesikia watu wakichanganya mambo: udongo ni wa chombo. Asije mtu akapaka udongo katika jeraha la mtoto akidhani anatimiza sharia.

Mara inaujua msiba huu kuliko mikoa mingi. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, uliingia Serengeti ukaua takriban theluthi moja ya simba wa mbuga ile, na wataalamu wakanyoshea kidole mbwa wa vijiji vinavyoizunguka. Miaka iliyofuata mbwa wa vijiji hivyo wakaanza kuchanjwa kwa makundi, dhidi ya distempa na dhidi ya kichaa. Wataalamu wamefundisha kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, kichaa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo mbwa mmoja wa Nyakato mwenye cheti cha chanjo ni faida kwa jirani pia, hata kwa jirani asiyependa mbwa.

Sasa turudi kwa kijana. Yeye amesikia kweli kwamba mbwa hupanda ndege. Alilolisahau ni kwamba bahari na mipaka iliwekewa ulinzi kwa sababu, na sababu hiyo imeandikwa kwa maisha ya watu. Uingereza ilikuwa imekiondoa kichaa cha mbwa mwaka 1902. Mwaka 1918, askari waliporudi kutoka Vita Kuu, mbwa aliyefichwa akaingizwa nchini, na ugonjwa ukarudi. Hawakuumaliza tena mpaka 1922. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila mbwa mgeni aliwekwa karantini miezi sita, hadi mwaka 2000 sheria ilipolegezwa kwa mbwa waliochanjwa na kupimwa.

Wala tusiende mbali. Pemba, kisiwa chetu, kilikuwa kimekitokomeza kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa chanjo. Mwaka 2016 ugonjwa ukazuka upya. Virusi vilipochunguzwa vinasaba vyake, ikaonekana viliingia kutoka nje ya kisiwa zaidi ya mara moja, pamoja na mbwa waliovushwa na watu. Chanjo ikabidi irudiwe kisiwani, na mwaka 2018 ndipo ulipotokomezwa tena. Aliyempakia mbwa wake chomboni pengine alimpenda mbwa huyo kama kijana wetu ampendavyo Simba. Mapenzi hayakuuzuia ugonjwa.

Basi kijana akitaka kumchukua mbwa hadi Ujerumani, njia ni hii, nasi twaieleza kwa kirefu kwa kuwa twajua si yeye peke yake anayeihitaji. Kwanza kabisa mbwa atiwe chipu chini ya ngozi ya shingo, kitu kidogo kama punje ya mchele chenye namba ya tarakimu 15. Chipu hutangulia chanjo, au huenda nayo siku moja. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, maana hakuna athibitishaye kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu. Wengi huanguka hapa: wana vyeti vya chanjo vya miaka mitatu, vyote safi, na vyote havifai mpakani. Chanjo yenyewe hutolewa kwa mbwa aliyetimiza majuma 12.

Zikipita siku 30 tangu chanjo, daktari wa mifugo hutoa damu. Seramu yake hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, kupimwa kama kinga imefika kipimo cha 0.5. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo mbwa wake husamehewa kipimo hiki. Majibu yakiwa mema, bado mbwa hasafiri: hungoja miezi mitatu, ikihesabiwa tangu siku ya kutolewa damu. Kwa hesabu hiyo, tangu chipu hadi ndege ni miezi minne isiyopungua, na kwa mizunguko ya posta na ofisi heri mtu ajipe sita. Mwanafunzi anayeondoka Septemba na kuanza shughuli hii Julai amekwisha chelewa.

Pana kibali cha kumtoa mnyama nchini, ambacho ni kazi ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na cheti cha afya cha daktari wa serikali ambacho hutolewa siku za mwisho, kisizidi siku 10 kabla ya kuingia Ulaya. Mwenye mbwa naye asafiri asipishane na mnyama wake kwa zaidi ya siku tano. Wengine wa Mara huona ni karibu kupitia Sirari na kupanda ndege Nairobi kuliko kwenda Dar es Salaam; wafanyao hivyo wajue kwamba Kenya ni nchi nyingine, nayo yataka kibali chake cha kumwingiza mbwa. Kizimba cha safari kiwe kikubwa kiasi cha mbwa kusimama, kugeuka na kulala. Gharama ya mambo haya yote hatuiandiki, kwa kuwa hubadilika, lakini tukisema kwamba yaweza kuzidi ada ya ndugu mdogo sekondari hatutakuwa tumetia chumvi.

Wanaokwenda nchi nyingine wasichukue maelezo haya kama yalivyo. Marekani tangu Agosti 1, 2024 haimpokei mbwa aliye chini ya miezi sita, na atokaye nchi yenye kichaa kingi huongezewa masharti: fomu iliyotiwa mhuri na daktari wa serikali, kipimo cha damu, na akikosa kipimo hicho karantini ya siku 28. Australia haimkubali kabisa mbwa atokaye Tanzania moja kwa moja. Wale hawana mchezo: mwaka 2015 mcheza sinema Johnny Depp aliwaingiza mbwa wake wawili wadogo kwa ndege ya binafsi bila kuwatangaza, akaambiwa awaondoe au wauawe. Umaarufu haukumfaa kitu.

Na akifika Ujerumani je? Mabweni mengi ya wanafunzi hayapokei mbwa. Mwenye nyumba huulizwa kwanza. Halmashauri ya mji hutoza kodi ya mbwa kila mwaka, na kijana atakayeishi kwa msaada wa masomo ataikuta kodi hiyo kabla ya kuijua lugha. Simba, aliyezoea kulala nje chini ya mwembe na kubweka hewani kwa upepo wa ziwa, atafungiwa chumbani tangu asubuhi mpaka mwanafunzi arudi darasani, na dirishani theluji. Chumba hichohicho ndicho kijana atakachoswalia, na kwa madhehebu yake itambidi mahali pa kuswali na nguo vilindwe na mate ya mbwa kila siku. Yawezekana, lakini ni kazi.

Mbwa wetu wa Afrika wamekwisha kuionja safari hii. Mwaka 1895 jozi ya mbwa wa Kongo, wale waitwao siku hizi basenji (jina ambalo msomaji wa Kiswahili atalisikia likifanana na neno lake la "washenzi", na hakosei), walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts huko London. Watu wakawashangaa. Hawakukaa sana, wakafa kwa distempa. Miaka 40 na zaidi ilipita kabla wengine hawajapelekwa wakastahimili. Siku hizi chanjo ya distempa ipo, na Simba apewe hata kama haendi popote.

Hukumu yetu, basi, kwa kuwa mama ameomba hukumu, ni hii. Baba hana haki katika kumtupa. Kijana hana haki katika kumchukua, si kwa sababu sharia ya Ulaya yamkataza, bali kwa sababu mbwa huyu ana kazi, na kazi yake ni mbuzi wa bibi. Akimwondoa, bibi hulala bila mlinzi ili mjukuu asilale mpweke. Ingekuwa mbwa huyo ni macho ya kipofu, au ingekuwa nyumba nzima yahama na hakuna anayebaki wa kumlisha wala jirani wa kumwamini, tungesema jambo jingine, na tungemwambia aanze na chipu kesho. Na ikitokea siku moja kwamba bibi hawezi tena, Simba apewe mfugaji mwaminifu, bure, maana thamani ya mbwa ni fedha iliyokatazwa.

Kijana naye asiachwe mikono mitupu. Mdogo wake, aliye na umri wa kufundishika, akabidhiwe mbwa mbele ya wazee, aonyeshwe chombo chake cha kulia kilichotengwa na vyombo vya nyumba, na aonyeshwe cheti cha chanjo na tarehe yake. Kila mwaka, na mara nyingi karibu na Septemba 28, mabwana mifugo huchanja mbwa katika miji na vijiji vyetu. Mdogo ampeleke, na kijana huko aliko atume fedha ya chakula pamoja na zile atakazomtumia mama. Na bibi aulizwe. Katika barua yote, kurasa tatu, hatukuona mahali ambapo mtu yeyote wa nyumba ile alimwuliza bibi anataka nini.