Siku ya Mtihani Niachieni Chaza Wangu

Nimeshika kalamu kutetea jambo ambalo wengi darasani mwetu hulicheka, nalo ni kula chaza, hasa kula chaza siku ya mtihani. Nimechoka kuambiwa ati nanuka bahari.

Waama, siku ya mtihani si mchezo kwa sisi wanafunzi wa kutwa. Mwenzetu wa bweni huamka akiwa tayari yuko shuleni. Sisi twaamka saa kumi alfajiri, twateka maji, kisha twakata mguu hadi barabara ya lami kungoja matatu. Muhula uliopita kuna siku tulifanya karatasi tatu: Hisabati saa mbili, Bayolojia saa tano, halafu Insha saa nane kasorobo. Chakula cha mchana tulipewa dakika 45. Wenzangu walitimua mbio hadi langoni kununua viazi karai na soda. Ilipofika saa tisa, vichwa vilikuwa vimelala juu ya madawati kama maembe yaliyopukutika. Mimi nilikuwa nimekula wali na chaza wa nazi kutoka kwenye hotipoti yangu. Sisemi chaza anajibu maswali, la hasha! Lakini ana protini, ana madini ya chuma na ya zinki, na tumbo lililoshiba halimsumbui mtu akitafuta methali ya kufungulia insha.

Jamani, nani alituambia kwamba chaza ni chakula cha aliyekosa nyama? Hapa kwetu Mida tunamdharau, na hapo Watamu mgeni anakaa kwenye hoteli, anamkamulia ndimu na kumlipia pesa ambazo kwetu zingetosha unga wa siku kadhaa. Chaza ni yule yule.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Siku hiyo ya karatasi tatu ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, na wakati wa bamvua maji huku kwetu hutoka sana mnamo saa nne asubuhi. Kwa hivyo nilipokuwa nikipambana na logarithimu, mama yangu alikuwa ameinama kwenye matope ya hori, akibandua chaza mmoja mmoja kwenye mizizi ya mikoko, na kwa uangalifu asiukate mzizi wenyewe. Magamba yale hukata kama wembe. Daftari ninaloandikia haya lilinunuliwa kwa pesa za chaza. Anayecheka hotipoti yangu anacheka mikono ile, ajue au asijue.

Kuna wanaosema chaza huleta ugonjwa. Hoja hiyo naiheshimu, kwa maana ina ukweli. Mwalimu wetu wa Bayolojia alinieleza kuwa chaza hula kwa kuchuja maji, basi maji yakiwa machafu naye hubeba uchafu huo. Ndiyo maana mama haokoti karibu na mifereji ya maji taka. Nyumbani huwachemsha mpaka magamba yafunguke, ndipo awapike tena kwa kitunguu, nyanya, bizari na tui. Wale wa kula wabichi, shauri yao. (Kumradhi mwalimu, lakini silabasi yetu ya Kidato cha Tatu yanishangaza: kaa yumo kwenye arthropoda, sisi wenyewe tumo kwenye kordata, lakini moluska hawamo. Chaza wa hapo ng'ambo ya barabara hatutahiniwi juu yake!)

Basi walimu wetu wapenzi, naomba mawili tu. Siku yenye karatasi tatu tupewe saa nzima ya chakula cha mchana, hata kama itabidi Insha isogezwe mbele kidogo. Pili, tunaobeba chakula kutoka nyumbani tupewe meza na kivuli, tusile tumesimama nyuma ya choo tukijificha macho ya watu. Akina mama wa chaza nao wakiruhusiwa kuuza langoni kando ya muuza viazi, nitashukuru zaidi, ila hilo najua litajadiliwa kwanza.

Nimekwisha hesabu mwezi. Mtihani wa mwisho wa muhula huu utaangukia bamvua tena, na hotipoti yangu itakuwapo. Anayetaka kuonja aje na kijiko chake, tena aje mapema.