Mbalamwezi ya Kasanga na ada yangu ya kokoro

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana kweli kweli, ila sasa nipo nyumbani Sumbawanga napumua. Leo sina habari za bumu wala za SUP. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili, naomba niliseme.

Ijumaa tulijikusanya washkaji wanne tukasema twende Kasanga tukavue, tulale huko siku mbili. Hema moja la kukodi, la pili ni turubai la kuanikia mahindi. Wazo lilitoka kwa jamaa yetu aliyeona video ya Waingereza wanaolala wikiendi nzima kando ya bwawa wakisubiri samaki mmoja mkubwa. Wakimpata wanampima uzito, wanapiga naye picha, halafu wanamrudisha majini. Tulicheka mpaka basi. Mtu utoke Sumbawanga uende mpaka ziwani, upate samaki, umwachie? Nyumbani si wataita kikao cha ukoo!

Kwa msiokujua kwetu: uwanda wa Ufipa uko juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko mita 773. Kwa hiyo unaondoka Sumbawanga na koti, unapita Matai, ukiteremka Kasanga umeshuka karibu kilometa nzima. Sweta nililivua kabla sijaona maji.

Tukajitambulisha kwa viongozi wa mwalo kama inavyotakiwa. Pembeni kulikuwa na mzee anashona nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmefuata nini?"

"Tumekuja kuvua."

Akaangalia juu, akacheka. "Na mwezi huu?"

Mwezi ulikuwa mpevu, sisi wasomi hata hatukuangalia kalenda. Dagaa na migebuka wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Wavuvi wanawasha, dagaa wanaifuata, migebuka wanawafuata dagaa, nyavu zinapandishwa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi wanapumzika. Mzee akamalizia: "Mtawasha taa ya nini na Mungu kashawasha yake?"

Basi tukabaki na ndoana zetu mwambani. Usiku kucha tulipata samaki kumi na mmoja, mkubwa wao kama kidole changu cha kati. Jamaa wakaweka sufuria. Mimi nikajifanya mwalimu, nikasema hawa bado watoto, wanaopumua tuwarudishe. Mshkaji wangu wa tangu sekondari akaniangalia akasema taratibu, "Wewe ndugu yangu, ada yako ya kidato cha tano ilitoka wapi?"

Nilinyamaza. Anajua. Ilitoka kwenye kokoro.

Mjomba wangu anavua kwenye mwalo ambao siutaji. Kokoro, kwa wasiojua, ni wavu mrefu unaokokotwa kutoka majini hadi ufukweni, na huzoa kila kitu: wazazi, mayai, vifaranga. Samaki wengi wa ziwa hili huzalia karibu na ufuko. Kuhe, kwa mfano, dume na jike hulinda vifaranga wao pamoja. Kokoro likipita hapo, hakuna cha mlinzi wala mlindwa. Ni haramu kisheria, mjomba anajua hivyo. Lakini alinilipia, na mimi nilikula na kusoma.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Ndiyo nilikuwa namaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Mjomba miezi mitatu hakuingiza kitu. Hela yangu ya kuanzia chuo ilipatikana kwa kuuza maksai wake mmoja, wale anaolimia. Msimu uliofuata alilima kwa jembe la mkono. Ndiyo maana wanaponiambia "wavuvi haramu ni maadui wa taifa" naona kizunguzungu.

Sasa msimamo wangu ni huu. Kufunga ziwa ni sahihi, na liendelee kupumzishwa. Dagaa huishi kama mwaka mmoja tu, ukimpa nafasi anajaza ziwa haraka. Tena maji haya ni ya nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na mmoja akivua wakati wenzake wamepumzika ni kazi bure. Wala kosa si la wavuvi peke yao. Tangu 2003 wanasayansi wameandika kwamba ziwa linapata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, na virutubisho vinabaki kilindini, kwa hiyo chakula cha samaki kinapungua. Hilo mjomba hakulisababisha.

Ila huwezi kumfungia mtu ziwa ukamwachia maksai wa kuuza. Tarehe zitangazwe mapema, mtu alime, aweke akiba. Vyama vya akiba na mikopo viwafikie kabla ya kufunga, siyo baada. Na shule zetu, hapa najisema mwenyewe, zifundishe ziwa hili. Nimesoma Rukwa miaka yote, nilijua sehemu za samaki kwa mchoro ubaoni, lakini sikumbuki hata siku moja kuambiwa kwa nini kokoro ni baya. Mwanafunzi wa mwaloni akilijua hilo akiwa darasa la tano, atalisema nyumbani usiku, na baba atalisikia kuliko anavyomsikia afisa.

Wale samaki? Saba tuliwarudisha, wanne walikuwa wameshakufa tukawala na ugali. Mfupa mtupu. Jumapili wakati wa kupanda mlima nikampigia mjomba. Sikumhubiria, nitaanzia wapi? Nilimwambia tu kwamba mkopo wangu wa chuo ukiingia nitatuma kidogo kila mara tuanze kumtafutia maksai mwingine. Akauliza, "Kuna nini, mwanangu?" Nikasema hamna kitu, mjomba, nimetoka kuvua.

Naomba kuwasilisha.