Kabla ya kununua programu, sogeza kochi

Wiki mbili nzima nilikuwa nagombana na nafsi yangu kuhusu pesa. Pesa yenyewe ni yangu, niliyoidunduliza kutoka kwenye mshahara wa mwandishi wa habari, na mnajua wenyewe mshahara huo unavyofika.

Kisa kilianza pale kaka mmoja wa kazini, mtu wa muziki kwelikweli, alipokuja kwangu Sinza. Nikamwekea dansi. Dakika tano hazijaisha akatikisa kichwa: "Dogo, hapa husikilizi muziki. Unasikiliza chumba." Akanishauri ninunue kifaa chenye programu ya kurekebisha sauti ya chumba, ile Dirac Live ya Waswidi. Unaweka maikrofoni unapokaa, spika zinapiga mlio wa kupimia, programu inaona sauti imezidi wapi na imepungua wapi, kisha inairekebisha kabla haijafika kwenye spika. Kwa hesabu yangu, kifaa na leseni vingemeza kodi ya miezi minne. Na mwenye nyumba wangu, kama wa kwenu, anataka ya miezi sita kwa mkupuo.

Kuhusu chumba, kaka yuko sahihi. Kuhusu dawa, nambishia.

Sebule yangu ina urefu wa mita 4. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya urefu huo, unapata kama hezi 43. Hapo wimbi linakwenda na kurudi kati ya kuta mbili likijiongezea nguvu lenyewe. Sasa, uzi mnene wa gitaa la besi unaanzia hezi 41. Mpiga besi akigusa F ya chini, nyumba nzima inanguruma. Akipanda noti chache, besi inanywea. Na kochi langu lilikuwa limebanwa kwenye ukuta wa nyuma, mahali ambapo mngurumo huo ni mkali kuliko pote!

Nikaazima maikrofoni ya kupimia, nikapakua Room EQ Wizard, ambayo ni ya bure, nikapima. Kwenye mchoro kukatokea kilima. Nikasogeza kochi mbele mita moja na ushee (gharama: jasho na kidole cha mguu), nikapima tena. Kilima kimeshuka. Ule mwangwi wa sakafu ya marumaru nao ukapungua nilipotandika zulia na kuweka pazia zito.

Sasa niambieni, kwa nini wauzaji hawaanzii hapo? Kwa sababu kochi unalo tayari.

Kuna jambo jingine wanalopita juu juu. Ukikaa katikati kabisa ya chumba kama changu, ile hezi 43 inapotea, maana mawimbi yanauana. Programu ukiiambia ijazie desibeli 10, amplifaya inadaiwa nguvu mara kumi: palipotosha wati 5 sasa zinatakiwa 50. Na mawimbi yanaendelea kuuana palepale. Unachemsha amplifaya bure.

Sisemi teknolojia hii ni utapeli. Kukata vilima vya besi inaweza, tena vizuri, na kwa mpangaji asiyeruhusiwa hata kupiga msumari ukutani ni msaada. Baadhi ya risiva za Denon na Marantz zinakuja na Audyssey ndani yake. Kama unayo, itumie, umeshailipia. Ninachopinga ni kuuziwa leseni na mtu ambaye hajauliza hata unakaa wapi.

Nilimwita kaka aje asikilize tena. Alikaa kimya wimbo mzima, kisha akasema, "Bado kidogo kule chini." Kweli, bado. Kile kilima kilichobaki nitakikata kwa programu ya bure kwenye kompyuta ninayopigia muziki. Maikrofoni narudisha Jumatatu. Kodi nimelipa jana.